Kwa Nini Kompyuta Mpya Huenda Polepole?

1. Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hekima hiyo ilikusudiwa watu, lakini inafaa kutumika hata kwa mashine. Kompyuta mpakato inunuliwapo, huja na mfumo endeshi wake, na pamoja na mfumo huo huja kundi la programu ambazo mnunuzi hakuziomba. Zimekwisha kuwekwa kiwandani. Baadhi yake zina manufaa. Nyingine ni wageni wasioshika jembe: hula, hunywa, na kumfanya mwenye nyumba ashindwe kufanya kazi zake.

Mwaka jana nilialikwa Karatu kuzungumza na walimu wa sayansi. Baada ya mazungumzo, mkuu wa shule moja ya sekondari alinionyesha chumba chenye kompyuta mpakato kumi ambazo shule ilizipata zikiwa mpya, hata karatasi za nailoni zilikuwa bado hazijabanduliwa katika baadhi yake. Mwalimu wa somo la kompyuta aliniambia, “Dokta, mashine hizi zimezeeka kabla ya kuzaliwa.” Kuwasha tu kulichukua muda wa kwenda kuteka maji na kurudi. Wanafunzi wa Kidato cha Nne walikuwa wakingoja mtihani wa vitendo, na tayari bodi ya shule ilikuwa imeandaa barua ya kuomba mashine hizo ziondolewe katika orodha ya mali kwa kuwa ni mbovu.

Niliomba barua hiyo ingoje kwa juma moja. Makala haya yanaeleza tulilolifanya katika juma hilo, na kanuni za sayansi zilizotuongoza. Jambo la msingi ninalotaka msomaji alishike ni hili: mashine nzito si lazima iwe mashine mbovu, na hairuhusiwi kuihukumu kabla ya kuipima.

2. Prosesa hugawanyaje muda wake?

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayotekeleza maagizo. Prosesa ya gigahezi 2 hupiga mapigo bilioni 2 kwa kila sekunde, na kwa mapigo hayo hufanya kazi zote za mashine. Mtu huona kana kwamba kompyuta inafanya mambo mengi kwa wakati mmoja: inacheza muziki, inaandika barua, inapokea habari kutoka intaneti. Kwa hakika, kila kiini cha prosesa hushughulikia programu moja kwa kipindi kifupi mno, sehemu chache za elfu za sekunde, kisha hugeukia nyingine.

Hebu tuchukue mfano wa mashine ya kusaga nafaka. Mashine ni moja, na wateja wamepanga foleni na madebe yao. Tuseme msagaji ameamua kumsagia kila mmoja kibaba kimoja, kisha amwendee anayefuata, na hivyo kuzunguka. Wateja wakiwa wawili, kila mmoja atarudi nyumbani mapema. Wakiwa ishirini, na kumi na wanane kati yao hakuna aliyewaita, mama aliyekuja na debe moja la mahindi atakesha pale. Ataondoka akisema kwamba mashine imeharibika. Lakini mashine inasaga kwa kasi ileile. Kilichobadilika ni urefu wa foleni.

Hata hivyo, yatupasa kutofautisha mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya. Programu inaweza kuchukua nafasi katika diski, inaweza kuchukua nafasi katika kumbukumbu, na inaweza kuchukua muda wa prosesa. Programu iliyolala katika diski bila kufanya kazi haipunguzi kasi ya prosesa hata kidogo, kama vile mteja aliyebaki nyumbani kwake asivyorefusha foleni ya kusaga. Inayodhuru ni ile inayojiwasha yenyewe kila mashine inapowashwa, na kuendelea kufanya kazi chinichini mtu asione dirisha lolote.

Madhara ya kumbukumbu nayo yanafaa kuelezwa. Kompyuta nyingi za bei nafuu zina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Ikijaa, mfumo endeshi hulazimika kuhamishia baadhi ya mambo katika diski na kuyarudisha yanapohitajika. Diski ya kuzunguka ya aina ya zamani huweza kufuata maombi yaliyotawanyika takriban mia moja tu kwa sekunde. Hivyo prosesa hukaa ikingoja. Katika hali hiyo kipimo cha prosesa kinaweza kuonyesha kwamba haina kazi kubwa, na bado mashine ikawa nzito. Mpimaji asiyejua hilo atamkamata asiye na hatia.

3. Kazi ya chinichini na nishati ya umeme

Suala hili si la kasi peke yake. Katika fizikia tunajifunza kwamba nishati haipotei bila kwenda mahali fulani. Nguvu inayotumiwa na saketi za prosesa zinapobadilika hali hulingana na C × V² × f, ambapo C ni uwezo wa saketi wa kuhifadhi chaji, V ni volti, na f ni idadi ya mapigo kwa sekunde. Prosesa ikipumzika, hushusha volti na mapigo pia. Ikilazimishwa kufanya kazi, huvipandisha vyote viwili.

Tuseme mapigo yamepanda kutoka gigahezi 1 hadi 2, na volti kutoka 0.8 hadi 1.0. Uwiano wa nguvu utakuwa (1.0 ÷ 0.8)² × 2, yaani 3.125. Kazi imeongezeka maradufu, lakini nguvu inayoliwa imezidi mara tatu.

Sasa tulete hesabu hiyo darasani. Chukua kompyuta yenye betri ya wati-saa 42. Ikitumia wati 6, betri itadumu saa 7. Programu za chinichini zikiifanya itumie wati 14, betri hiyohiyo itadumu saa 3. Tofauti ni wati 8 kwa kila mashine. Kwa mashine kumi zinazotumika saa 5 kwa siku, tunapata:

8 × 10 × 5 = wati-saa 400.

Kwa shule inayotegemea paneli za jua na betri, wati-saa 400 si jambo dogo. Hizo zingetosha kuwasha taa nane za wati 10 kwa saa 5, yaani kipindi kizima cha kujisomea usiku na ziada. Kwa maneno mengine, programu ambayo hakuna aliyeiomba inaweza kuwazimia wanafunzi taa.

4. Joto na mwinuko wa nchi

Nguvu inayoliwa na prosesa huishia kuwa joto, na joto hilo huondolewa na feni. Hapa mazingira ya Karatu na Ngorongoro yanatupa somo zuri. Mji wa Karatu uko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro uko takriban meta 2,300. Kadiri tunavyopanda, ndivyo hewa inavyopungua uzito. Katika mwinuko wa meta 1,500 densiti ya hewa ni karibu asilimia 86 ya ile ya pwani, na katika meta 2,300 ni karibu asilimia 80. Feni husukuma ujazo uleule wa hewa, lakini hewa hiyo ni nyepesi zaidi, kwa hiyo inabeba joto kidogo zaidi.

Msomaji makini atapinga kwamba nyanda za juu zina baridi, na baridi husaidia kupoza. Ni kweli, na ndiyo maana kompyuta hufanya kazi vizuri huko. Watengenezaji wengi huruhusu mashine zao zitumike hadi mwinuko wa takriban meta 3,000. Lakini mwinuko ukiongezewa vumbi jekundu la barabarani linaloziba matundu ya feni, na prosesa ikawa haipumziki, joto hupanda. Prosesa za aina nyingi zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Hapo mtumiaji hupata hasara mara mbili: programu zisizoalikwa zimekula muda wa prosesa, na joto lake limepunguza hata kasi iliyobaki.

5. Kwa nini viwanda huziweka?

Sababu kubwa ni fedha. Ushindani umepunguza faida ya mtengenezaji katika kila kompyuta ya bei nafuu, na makampuni ya programu huwa tayari kulipa ili bidhaa zao zitangulie kumfikia mnunuzi. Ndiyo sababu tunakuta programu ya kuzuia virusi inayofanya kazi kwa siku chache kisha kudai malipo, michezo, na vikumbusho vya kununua hiki au kile.

Mwaka 2008 kampuni ya Sony ilitangaza kwamba wanunuzi wa baadhi ya kompyuta zake wangeweza kuondolewa programu hizo kiwandani kwa malipo ya karibu dola 50. Watu walilalamika, na malipo hayo yakafutwa upesi. Yalikuwa yamekwisha kudhihirisha jambo moja: mnunuzi alitakiwa alipe ili asipewe.

Tukio zito zaidi lilifichuliwa Februari 2015. Baadhi ya kompyuta mpakato za Lenovo zilizouzwa kuanzia mwaka 2014 zilikuwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish. Ili kupenyeza matangazo katika kurasa zilizolindwa, programu hiyo ilijipachika katikati ya kompyuta na mtandao ikitumia cheti chake, na ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Aliyeupata ufunguo huo angeweza kumdanganya mwenye mashine kwamba yuko katika ukurasa wa benki yake. Lenovo iliacha kuiweka programu hiyo na ikatoa njia ya kuiondoa, na mwaka 2017 ikafikia makubaliano na mamlaka ya biashara ya Marekani juu ya suala hilo. Kwa hiyo tusidhani kwamba programu za kiwandani huleta uzito tu. Zaweza pia kufungua mlango kwa mwizi.

6. Jaribio la kupima

Mwalimu anaweza kufanya jaribio lifuatalo pamoja na wanafunzi wake. Maelezo haya yanahusu kompyuta zinazotumia Windows 10 au 11, lakini kanuni yake ni moja kwa mifumo yote.

(a) Chagua mashine mbili za aina moja. Moja itafanyiwa mabadiliko; nyingine iachwe kama ilivyo ili iwe ya kulinganishia.

(b) Washa zote mbili, uziache kwa dakika kumi bila kuzigusa. Mwanzoni mfumo una kazi zake za halali, kama kukagua virusi na kupanga orodha ya mafaili. Kumpima mtu anayepanda kilima na kusema moyo wake ni mgonjwa si haki.

(c) Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha liitwalo “Task Manager” litafunguka. Linaonyesha kila programu inayofanya kazi, pamoja na asilimia ya prosesa, kumbukumbu na diski inayotumiwa nayo.

(d) Andika asilimia ya jumla ya prosesa kila baada ya dakika moja, mara kumi, kisha tafuta wastani. Andika pia majina ya programu tatu zinazoongoza.

(e) Katika sehemu ya dirisha hilohilo inayoonyesha programu zinazojiwasha, zuia moja tu. Zima mashine, iwashe tena, na urudie kipimo.

(f) Linganisha. Kama wastani umeshuka katika mashine ya kwanza, na ile ya kulinganishia haikubadilika, umempata mmojawapo wa wahusika. Endelea na programu inayofuata.

Yapo makosa mawili ambayo wanaoanza huyafanya mara kwa mara. La kwanza, katika orodha ya kina huonekana jina “System Idle Process” likiwa na asilimia 90 au zaidi, nao hudhani wamemkamata mlaji mkuu. Kumbe hicho ni kipimo cha muda ambao prosesa haina kazi. Kikiwa kikubwa ni habari njema. La pili ni kudharau asilimia 25. Katika prosesa yenye viini vinne ambapo kila kiini hufanya kazi moja kwa wakati, asilimia 25 isiyoshuka maana yake ni kwamba programu moja imekamata kiini kizima na haikiachii.

7. Kuondoa kwa busara

Katika Kreta ya Ngorongoro, mimea kama Bidens schimperi na Gutenbergia cordifolia imeenea na kuwa magugu yanayosonga malisho ya wanyama. Jambo la kutafakari ni kwamba mimea hiyo si ya kutoka ng'ambo. Asili yake ni humu humu Afrika. Mtu anayedhani kila gugu ni geni angeshindwa kuitambua. Kompyuta nazo ziko hivyo. Wakati mwingine mlaji si programu iliyopachikwa na kiwanda, bali ni sehemu ya mfumo endeshi wenyewe iliyokwama. Ndiyo maana tunapima kwanza, kisha tunang'oa.

Tahadhari zifuatazo zizingatiwe.

Kwanza, nakili mafaili yote muhimu mahali pengine kabla ya kugusa chochote. Matokeo ya mitihani ya shule nzima yasiwe katika mashine inayofanyiwa majaribio.

Pili, anza kwa kuizuia programu isijiwashe, na ikithibitika baada ya siku kadhaa kwamba haihitajiki, iondoe kwa kupitia orodha ya programu katika mipangilio ya mashine. Usifute mafaili yake kwa mkono, na usiguse folda ya Windows.

Tatu, usiondoe viendeshi, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuwasiliana na betri, kibao cha kugusa, kadi ya mtandao na sauti.

Nne, usiwe na programu mbili za kuzuia virusi zinazolinda kwa wakati mmoja. Kila moja hukagua kila faili linalofunguliwa, na kazi hiyo hufanyika mara mbili. Windows ina kinga yake, ambayo huanza kulinda pindi ile ya majaribio inapoondolewa. Lakini mashine isibaki bila kinga kabisa.

Tano, kama shule hutumia intaneti ya simu, weka alama katika mipangilio ya mtandao kwamba muunganisho huo hulipiwa kwa kipimo. Kwenye skrini huitwa “Metered connection”. Vinginevyo masasisho makubwa huanza kupakuliwa, kifurushi hukatika katikati, na kazi ileile hujaribiwa tena kesho yake. Hata hivyo masasisho ya usalama ni ya lazima. Yapangiwe siku maalumu yenye umeme na kifurushi cha kutosha.

Sita, kuirudisha mashine katika hali yake ya kiwandani si dawa ya uhakika, kwa kuwa huweza kuwarudisha wageni walewale. Njia safi zaidi ni kusimika Windows upya kutoka nakala ya Microsoft iliyowekwa katika diski mweko ya gigabaiti 8 au zaidi. Kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au matoleo yaliyofuata huwa na namba ya leseni ndani ya ubao wake, hivyo mfumo hujitambua. Tukumbuke pia kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya masasisho ya bure kwa Windows 10. Mashine isiyoweza kupokea Windows 11 inaweza kufikiriwa kuwekewa Linux, ambayo haina malipo.

Programu ya ofisi ya majaribio ikiondolewa, shule haibaki mikono mitupu. LibreOffice hupatikana bure. Inafaa vijana wetu wajue pia kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huru ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Tumekwisha kuonyesha kwamba tunaweza kuchagua yanayoingia katika mashine zetu, badala ya kupokea tu.

8. Hitimisho

Katika zile kompyuta kumi za Karatu, nane zilipata nafuu baada ya kuondolewa programu ya kuzuia virusi ya majaribio, programu mbili za matangazo, na chombo cha kiwandani cha kutafuta masasisho kilichokuwa kimekwama kikizunguka mahali pamoja. Ya tisa haikubadilika. Tulipoifungua, feni yake ilikuwa imejaa vumbi, na ilipona kwa brashi laini. Ya kumi ilikuwa mbovu kwelikweli, kwani diski yake ilikuwa inakufa. Barua ya bodi iliandikwa upya, ikataja mashine moja badala ya kumi. Vipimo vyote vilichukuliwa na wanafunzi wenyewe na kuandikwa katika daftari lililogawanywa kwa mistari ya rula.

Ningependa walimu wenzangu walione daftari hilo kuwa na thamani kuliko mashine zenyewe. Yapo mambo mengi katika maisha yetu ambayo huitwa mabovu kwa sababu hakuna aliyekaa dakika kumi kuyapima.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya programu iliyo katika diski, iliyo katika kumbukumbu, na inayotumia prosesa. Ni ipi kati yake isiyopunguza kasi ya prosesa?

2. Kompyuta ina betri ya wati-saa 48. Itadumu kwa muda gani ikitumia wati 8? Na ikitumia wati 16?

3. Mapigo ya prosesa yamepanda kutoka gigahezi 1.2 hadi 2.4, na volti kutoka 0.9 hadi 1.2. Nguvu inayoliwa imeongezeka mara ngapi?

4. Mwanafunzi amepima mashine moja tu, kabla na baada ya kuondoa programu, kisha akatoa uamuzi. Jaribio lake lina kasoro gani?

5. Shule mbili zina kompyuta za aina moja. Moja iko Karatu mjini, nyingine iko karibu na ukingo wa kreta. Taja sababu moja inayoweza kuifanya feni ya pili iondoe joto kidogo zaidi, na moja inayoweza kuisaidia.